Mama Kwanza na Vitambaa vya Watu

Ofisi ile ya kodi ilikuwa na madirisha saba, na sita ya mwanzo yalikuwa ya watu wanaojua wanachotaka. Anayelipa alikwenda la kwanza, anayeandikisha biashara la pili, anayetafuta namba ya mlipa kodi la tatu, na kuendelea hivyo. Dirisha la saba lilikuwa pembeni, karibu na ngazi, na juu yake palibandikwa karatasi yenye neno moja tu: MATATIZO. Hakuna aliyelikimbilia. Watu walilifikia kama mtu anavyomfikia mng'oa meno, akiwa ameshajaribu kila kitu kingine na shavu limeshavimba.

Nyuma ya dirisha hilo alikaa mama mmoja mfupi, mnene kiasi, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Jina lake liliandikwa kwenye kibao cha shaba, lakini watu hawakulisoma. Walimwita Mama Kwanza. Mtu alifika amefura, barua mkononi, matusi yamepangwa foleni mdomoni, naye akamwambia, "Kwanza kaa." Akishakaa, "Kwanza maji," na kumsogezea glasi. Akishakunywa, "Kwanza niambie, wewe unafanya kazi gani?" Kodi yenyewe ilikuja ya nne au ya tano, wakati matusi yameshachoka kusubiri na kuondoka zake.

Faili hakuligusa mpaka mtu amemaliza kueleza kazi yake, tangu asubuhi anapofungua mlango hadi jioni anapoufunga. Vijana wa madirisha mengine walimcheka. "Mama, si ulisome tu faili? Lina kila kitu."

"Faili tumeliandika sisi," aliwajibu. "Nikianza nalo nitakuwa najiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Hata kichaa hufanya hivyo, tena bila mshahara."

Kwa njia hiyo alimwokoa kinyozi mmoja aliyekuwa akidaiwa kodi ya vinyozi wawili. Watu watatu kabla yake walikuwa wamelipekua faili la yule bwana juu na chini. Mama Kwanza aliuliza swali moja tu: "Dukani kwako mna viti vingapi?"

"Kimoja, Mama. Nacho kina mguu mbovu."

"Basi huyo kinyozi wa pili hunyolea wapi, mapajani kwako?"

Kinyozi alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, na siku ileile ikaonekana kwamba jina lake lilikuwa limeandikwa mara mbili, mara moja likianza na la baba.

Alikuwa amefanya kazi katika jengo lile miaka thelathini na mitatu. Aliingia akiwa mpiga taipu, kiuno chembamba na vidole vyepesi. Akapanda hadi kitengo cha makadirio, ambako fomu za wafanyabiashara hukaguliwa na kupigwa muhuri. Akakaa huko mpaka nywele zikaanza kugeuka. Miaka minne iliyopita dirisha la saba lilipokosa mtu, wafanyakazi watatu walilikataa kwa vyeti vya daktari. Yeye alichukua mto wake wa kukalia akahamia. Alibakiza miezi kumi na minne kustaafu, na faili lake la utumishi halikuwa na doa. Hakuwahi kupewa onyo, la mdomo wala la maandishi. Kila mwisho wa mwaka, Mkuu wa ofisi alilinyanyua faili hilo mbele ya wafanyakazi wote na kusema, "Tazameni." Mama Kwanza aliangalia dirishani kana kwamba anasemwa mtu mwingine. Lakini siku ya mkutano huo alikuwa akivaa viatu vipya.

Jumatano moja asubuhi alikuja Fundi.

Alikuwa mwanamume mrefu, mkavu kama wembe, kipande cha chaki nyuma ya sikio na nyuzi za rangi tatu zimeganda kwenye shati. Nyuma yake alikuwa mkewe, amekumbatia mfuko wa plastiki. Fundi hakusalimu. Aliweka ufunguo juu ya kaunta.

"Nimewaletea mwenyewe," alisema. "Msije Ijumaa kunisumbua na kufuli lenu mbele ya majirani. Cherehani ziko mbili. Ya kushoto inaruka uzi, msije mkasema nimewaharibia mali."

"Kwanza kaa, Fundi."

"Sikai. Nimekaa miaka ishirini na sita, mgongo umeota kibyongo. Leo nasimama."

"Kaa, bwana wee," alisema mkewe. "Ukisimama, deni nalo husimama?"

Fundi akakaa. Akapewa maji, akanywa, akashangaa kwamba alikuwa na kiu.

Barua aliyokuja nayo ilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba anadaiwa kodi ya mauzo ya mwaka mmoja, wa miaka mitano nyuma, na faini juu yake, na riba juu ya faini. La pili, kwamba asipolipa yote, Ijumaa saa sita mchana duka litafungwa na vifaa vyake kushikwa. Kiasi chenyewe kilipita bei ya cherehani zote mbili, na meza, na pasi, na Fundi mwenyewe akiuzwa pamoja navyo.

Mama Kwanza aliifunika barua kwa kiganja. "Unashona nini?"

"Nashona chochote chenye shingo moja na mikono miwili."

"Na vitambaa unauza?"

"Niuze vitambaa kwa mtaji gani, Mama? Mteja anakuja na kitambaa chake. Napima, nakata, nashona, ananilipa ufundi wangu, anachukua nguo yake anakwenda. Tangu nianze kazi sijauza hata leso."

Hapo ndipo Mama Kwanza alipovaa miwani na kufungua faili. Kwenye fomu ya mwaka ule, mahali pa aina ya biashara, paliandikwa kwa mwandiko mzuri wa karani: Vitambaa na nguo. Mahali pa mauzo palikuwa na tarakimu ndefu, ya mtu mwenye duka la majora hadi darini.

"Fomu hii aliijaza nani?"

Mume na mke walitazamana.

"Kaka yangu," alisema mke.

"Shemeji," alisema Fundi, akilitamka neno lile kama anatema mbegu. "Karani wa duka la saruji na mabati. Alisema hesabu ni hesabu. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa mafundi, nakuapia."

"Usimseme kaka yangu mbele za watu."

"Simsemi, namsifu."

Kutoka mfukoni, mke alitoa daftari kubwa lenye jalada gumu, kingo zimelika. Mama Kwanza alilifungua na kulisoma taratibu. Kila ukurasa ulikuwa na jina la mteja, vipimo vyake, aina ya kitambaa, urefu wake, na bei ambayo mteja alikinunulia huko alikokinunua. Mwishoni kabisa ndiyo ilikuja bei ya ufundi, ndogo, imejibanza pembeni.

"Kwa nini unaandika bei ya kitambaa cha mtu?"

Fundi alichomoa chaki nyuma ya sikio, akairudisha. Kisha akaeleza jambo ambalo, ilivyoonekana, hakupenda kulieleza. Zamani, akiwa na miaka miwili tu katika ufundi, aliunguza kitambaa cha bibi arusi kwa pasi, siku nne kabla ya harusi. Mama wa bibi arusi alitaja bei. Fundi hakujua kama ni ya kweli, na hakuwa na uso wa kubishana. Alishona miezi mitano kulipa. Tangu hapo, kila kitambaa kinachoingia huuliza kimenunuliwa kiasi gani na kuandika, ili kikiharibika mikononi mwake ajue ni nini hasa anachotakiwa kurudisha.

"Na umeshaharibu vingapi tangu hapo?"

"Hakuna hata kimoja. Lakini naandika."

Sasa mambo yalikuwa wazi kama mshono uliogeuzwa nje. Shemeji wa watu alikuwa amelichukua lile daftari akalisoma kwa macho ya dukani kwake. Kwa Shemeji, kila kilichoingia mlangoni kimenunuliwa, na kila kilichotoka kimeuzwa. Alijumlisha bei za vitambaa vya wateja wote, akaongeza ufundi, akapata mauzo. Mwaka mzima wa uaminifu wa Fundi ukageuka mwaka mzima wa utajiri wake.

"Barua ya kwanza ilikufikia lini?" aliuliza Mama Kwanza.

Fundi alitazama viatu vyake. Mkewe ndiye aliyejibu. "Zilikuja nne. Aliziweka chini ya mguu wa meza ya kukatia. Alisema meza inayumba."

"Ilikuwa inayumba."

"Hata moja hakuifungua, Mama. Nimeziona juzi nilipokuwa nafagia, nikafungua hii ya mwisho."

"Niliogopa," alisema Fundi. Kwa mtu mrefu kiasi kile, sauti ilitoka ndogo.

Mama Kwanza alivua miwani. Anayepinga makadirio hupewa siku thelathini. Zikipita, hata awe na ukweli mweupe kama pamba, mlango umefungwa. Sheria iliacha ufa mmoja tu: kama kosa lilifanywa na ofisi yenyewe, faili hufunguliwa upya wakati wowote. Kosa la Fundi halikuwa la ofisi, na la Shemeji pia halikuwa la ofisi. Akaanza kupekua kurasa za nyuma, taratibu, akitafuta mahali popote ambapo ofisi ilikosea.

Akapaona. Nyuma ya fomu, Shemeji, kwa uangalifu wake wa kikarani, alikuwa ameambatisha nakala za kurasa mbili za daftari. Majina ya wateja yalikuwepo, yameandikwa mbele ya kila kitambaa. Mkaguzi yeyote ambaye angezisoma kurasa zile kwa dakika moja angejiuliza: mfanyabiashara gani huandika vitambaa vyake kwa majina ya watu wengine? Lakini hazikusomwa. Juu yake palikuwa na muhuri wa IMEKAGULIWA, na chini ya muhuri saini ndogo yenye mkia mrefu unaopinda kulia.

Saini ilikuwa yake.

Alirudia kuutazama ule mkia mpaka mke wa Fundi akamuuliza kama anaumwa. "Hapana," alisema. "Nendeni kazini. Kesho mchana nitakuja kupaona. Na ufunguo wako uchukue, Fundi. Hapa tuna funguo nyingi mno, utapotea."

Jioni alifika nyumbani akakaa jikoni bila kuvua viatu. Mumewe, muuguzi mstaafu aliyelala wodini zaidi ya alivyolala kitandani kwake, alikuwa akimenya viazi kwa kisu kidogo, maganda membamba kama karatasi. Alimtazama mkewe mara moja tu.

"Presha, au watu?"

"Mimi mwenyewe."

Akamweleza yote. Mume aliendelea kumenya. Alipomaliza kiazi alichokuwa nacho mkononi, alikiweka chini.

"Mwaka ule ulikuwa unapitisha fomu ngapi kwa siku?"

"Sitini. Siku nyingine themanini."

"Basi ulichoka."

"Nilichoka. Lakini Fundi hakunituma nichoke." Akainua macho. "Nikiandika kwamba ofisi ilikosea, watauliza ni nani. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Watu wamepoteza maduka kwa makosa yao wenyewe, wamelia, wamekwenda nyumbani, dunia haikusimama. Na mimi nina miezi kumi na minne tu, Baba watoto. Kumi na minne."

Mumewe alifuta mikono kwa kitambaa cha jikoni. "Wodini kwetu kulikuwa na kitabu chekundu. Ukimpa mgonjwa dozi isiyo yake, unaandika humo, na jina lako. Wauguzi wapya walikiogopa kuliko maiti. Mimi nimeandika humo mara tatu."

"Hujawahi kuniambia."

"Ningekwambia ukaacha kunywa dawa ninazokupa." Akachukua kiazi kingine. "Wa mara ya pili alipona. Daktari alisoma humo, akajua cha kutibu kabla muda haujapita. Sasa vua viatu, mke wangu, unanichafulia sakafu."

Alhamisi mchana, saa ya chakula, Mama Kwanza alipanda ngazi za jengo la vyumba vya biashara, kupita fundi saa na mtengeneza redio, hadi chumba cha Fundi. Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja. Cherehani mbili zilitazamana kama majirani waliogombana. Meza ya kukatia ilijaa alama za mikasi ya miaka mingi. Pasi ilisimama kwenye kigae, mbali kabisa na kila kitu, kama mtu aliyewahi kufanya kosa. Ukutani, kwenye misumari mirefu, vilitundikwa vitambaa, na kila kimoja kilibanwa kwa pini na kikaratasi: jina, urefu, bei.

Alivisoma vyote. Vilikuwa arobaini na viwili. Akainama kutazama chini ya meza, akafungua kabati, akachungulia nyuma ya mlango.

"Unatafuta nini, Mama?" Fundi aliuliza kwa wasiwasi.

"Jora. Jora moja tu la kuuza. Fimbo ya kupimia mita. Rafu."

"Ningekuwa na rafu ningelala juu yake. Sakafu ina baridi."

Mama Kwanza aliandika. Kisha akasema, "Nitaeleza nilichokiona. Lakini hii ni leo, na kodi ni ya mwaka ule, miaka mitano nyuma. Nahitaji watu walioleta vitambaa vyao mwaka ule. Waje kesho asubuhi, waandike kwa mkono wao kwamba kitambaa kilikuwa chao. Wakiwa kumi wanatosha. Mwenye nguo bado aje nayo."

Fundi alishika kichwa. "Kumi! Kwa usiku mmoja? Wengine wamehama, wengine wamenenepa."

Mkewe alikuwa ameshalifungua daftari, kidole kikishuka kwenye majina. "Huyu yuko. Huyu yuko. Huyu anakudai kifungo mpaka leo, atakuja mbio. Wewe shona, niachie mimi."

Mlangoni, Mama Kwanza alisimama kana kwamba amesahau kitu. Alitaka kumwambia Fundi habari ya ile saini. Aliyaona mabega yale yameshainama juu ya cherehani, mguu ukikanyaga, akaona si haki kumtwika mtu jambo ambalo bado halijamfaa. Akaondoka.

Ijumaa, kabla ya saa tatu, mlinzi wa mlangoni alikuja mbio dirisha la saba. "Mama, kuna harusi imepotea njia, imeingia kwetu."

Hawakuwa kumi. Walikuwa kumi na tisa, na hawakuzibeba nguo, walizivaa. Alikuja mkunga aliyevaa gauni la kijani lenye mabega ya juu. Akaja mwalimu wa kwaya na wanakwaya wake watatu, sare zimepauka lakini mishono imekaa. Walikuwepo mapacha wawili wazee wenye mashati ya aina moja. Akaja mwenye duka la dawa amevaa suti yake ya harusi, tumbo limetangulia, vifungo vimekaa mbali na matundu kama wapenzi walioachana.

"Usinitazame hivyo," alimwambia Fundi. "Wewe ndiye hukuacha nafasi ya maendeleo."

"Niliacha ya maendeleo. Hii ni mapinduzi."

Ukumbi wote ukacheka, hata dirisha la kwanza wanakolipia, ambako kwa kawaida watu hawacheki. Mmoja baada ya mwingine walikaa mbele ya Mama Kwanza na kuandika. Sita kati yao walikuwa bado na risiti za maduka ya vitambaa. Mkunga aliandika ukurasa mzima, kisha akaomba mwingine.

Kelele zilimtoa Mkuu ofisini kwake. Alikuwa kijana wa miaka arobaini, mpole, mwenye kuogopa makosa kuliko wezi. Alisikiliza, akazisoma karatasi, akageuza pindo la gauni la mkunga kwa adabu, kisha akamwita Mama Kwanza ndani na kufunga mlango. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

"Nimekubali, Mama. Vitambaa havikuwa vyake. Lakini siku zake za kupinga zilipita zamani. Mikono yangu imefungwa."

Mama Kwanza aliweka mezani ripoti ya kurasa mbili. Mkuu aliusoma wa kwanza haraka, akageuza, na kwenye wa pili akapunguza mwendo. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Paliandikwa kwamba ushahidi wa umiliki wa vitambaa uliambatishwa tangu siku ya kwanza. Kwamba mkaguzi hakuusoma. Kwamba hilo ni kosa la ofisi. Na kwamba mkaguzi huyo ni mwandishi wa ripoti hii.

"Ungeweza kuandika 'afisa husika'," alisema Mkuu kwa sauti ya chini.

"Afisa husika ana jina."

"Mama, imebaki miezi kumi na minne!"

"Najua, Mkuu. Naihesabu kila asubuhi nikipiga mswaki."

"Nitalazimika kukuandikia onyo. La maandishi. Litaingia kwenye faili." Alilisema neno faili kama anayetaja mgonjwa wanayemjua wote wawili.

"Niandikie. Lakini tia saini hiyo ya Fundi kwanza, saa sita haiko mbali."

Mkuu alichukua kalamu. Kisha akatia saini, akapiga muhuri kwa nguvu kupita kiasi.

Mama Kwanza aliporudi dirishani, watu kumi na tisa walimsogelea. Alimwambia Fundi mambo kwa mpangilio, bila kuyapamba. Duka halifungwi. Deni lile limefutwa pamoja na faini na riba zake. Kodi ya ufundi wake wa mwaka ule bado ipo, nayo ni hii. Alimwandikia kwenye kikaratasi, na Fundi akakitazama akishangaa kwamba tarakimu zinaweza kuwa fupi vile. Ataweza kuilipa kwa miezi mitatu.

"Jambo la mwisho," alisema. "Barua zako hukuzifungua, hilo ni lako. Fomu ilijazwa vibaya, hilo ni la Shemeji. Lakini aliyeikagua na kupiga muhuri bila kusoma ni mimi. Saini ni yangu, hii hapa."

Mke wa Fundi aliweka mkono mdomoni. Fundi aliinama juu ya karatasi akaitazama ile saini yenye mkia, kwa muda ule anaotumia fundi kutazama mshono wa mwenzake.

"Siku hizi mbili," alisema, "nimemlaani aliyeniandikia deni hili usiku na mchana. Nimemwombea vidole vikauke."

"Havijakauka bado."

"Naona." Alinyoosha mgongo. Hasira ilikuwepo, kila mtu aliiona ikipanda shingoni. Ilifika kwenye taya, ikakaa hapo, ikakosa pa kwenda. "Na hukulazimishwa kusema?"

"Bila kusema, faili lisingefunguka."

Fundi alitafuta neno. Mwenye duka la dawa alitaka kumsaidia, mkunga akamkanyaga mguu. Mwishowe Fundi alitoa mkono wake mrefu kupitia dirisha, ukiwa na chaki mpaka kwenye kiwiko, akaushika ule uliotia saini, na akaukamata hivyo bila kuutikisa.

Onyo lilikuja Jumatatu, aya tatu, limepigwa chapa vizuri. Mama Kwanza alilisoma akiwa amesimama, akatia saini ya kulipokea, na mkia wa saini ukatoka mrefu kama siku zote. Mhudumu wa masjala alikuwa likizo, kwa hiyo alilipeleka mwenyewe na kulitia kwenye faili lake kwa mkono wake. Faili lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Alilirudisha rafuni, kati ya majina ya wengine.

Aliporudi, Fundi alikuwa dirisha la kwanza, katika foleni, ameshika pesa ya mwezi wa kwanza na kitambulisho kama mtoto aliyetumwa dukani. Alilipa, akapata risiti, akaisoma pande zote mbili. Lakini hakuondoka. Alikwenda hadi kwenye benchi la nyuma, akamshika mkono mwanamume mmoja mfupi mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, akamkokota hadi dirisha la saba. Yule bwana alikuwa amebeba bahasha zilizofungwa kwa kamba, na hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Huyu ni seremala, chumba cha tatu kutoka kwangu," alisema Fundi. "Amekuwa akilala nazo chini ya godoro. Nimemwambia hapa hamli watu, hasadiki. Mwambie, Mama."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba na nyinyi huwa mnakosea. Halafu mnasema."

Seremala alimtazama Mama Kwanza kutoka chini ya zile nyusi za vumbi, akisubiri kuona kama neno hilo litakanushwa. Halikukanushwa. Basi akaliweka bunda lake juu ya kaunta, na vidole vyake vinene vikaanza kuhangaika na fundo la kamba.

"Hizo tutazifikia," alisema Mama Kwanza. "Eleza. Asubuhi ukifika karakana, kitu gani unashika kwanza?"